Anga Tupu la Olaya

Mimi ni bawabu, na kwa miaka miwili kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kupiga picha anga. Kila jua lilipozama nilipanda juu ya jengo la ofisi tunalolinda mtaa wa Olaya, mjini Riyadh, nikasubiri nusu saa, nikaelekeza simu kaskazini-magharibi, kisha nikatuma picha kwa mtafiti mmoja wa chuo kikuu huko Ulaya. Alichunguza mawingu yaliyo juu mno, yanayong'aa buluu na fedha wakati huku chini giza limeshaingia. Kwa kawaida huonekana nchi za baridi. Yeye alitaka kujua kama yanafika hadi kwetu. Picha isiyo na kitu ilikuwa na maana pia, alitusisitizia sisi tuliojitolea kumtumia picha. Ukikosa jioni moja, andika kwamba umekosa.

Sikuwahi kukosa, na kichwa kilinivimba. Kwenye kundi letu la simu mtafiti aliniita nguzo yake ya Riyadh.

Mwenzangu pekee mjini alikuwa dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani kule Al-Naseem. Alipiga picha zake akianua nguo kwenye paa, huku madam akimwita chini, yalla, yalla, afanye haraka. Mimi ndiye niliyemwingiza kundini.

Kisha kampuni ikanipeleka Jeddah siku tatu, nishike zamu ya bawabu mgonjwa kwenye geti moja bandarini. Kuandika "nimekosa" kulinishinda. Jioni ya kwanza, nimekaa kati ya malori na makontena, nilichukua picha ya jana ya Olaya, nikabadilisha tarehe na saa, nikaituma. Miaka yote miwili anga halijawahi kuwa na kitu, nilijiambia.

Dakika chache baadaye yule dada akatuma yake. Nyuzi nyembamba za mwanga wa buluu zilitanda juu ya matangi ya maji ya jirani. Sijaona picha nzuri kama ile.

Mtafiti alijibu kesho yake, kwa upole. Picha mbili za mji mmoja na saa moja zinapingana, kwa hiyo hawezi kuitumia ya Al-Naseem. Pengine kioo cha simu kilikuwa kichafu.

Dada akanipigia. Nilifunika simu kwa kiganja asisikie honi za malori.

"Kaka, kwani wewe hukuona kitu?"

"Mafi, hakuna kitu, dada. Anga lilikuwa safi."

Naona aibu kuandika haya. Niliogopa kuumbuka mimi, nikamwacha aumbuke yeye.

Dada akasema, "Na mtoto wangu ashaambia darasa lote mamake ameona. Sasa nimwambie niliona vibaya?"

"Mwambie," nikasema.

Alimwambia. Kisha akaniandikia kuniomba radhi kwa kunisumbua kazini, nami nikamjibu kwamba hakuna shida.