Ukuta wa Magunia ya Mahindi

Jamani, mkiniona leo nimefunga tai na watu wananiita Monsieur Ngoy, msidhani nilizaliwa na heshima hiyo, maana kuna mchana mmoja pale Kamina niliikalia yote ndani ya sufuria ya samaki, mbele ya nusu ya soko, na mpaka leo kuna mama mmoja karibu na stesheni akiniona hufunika chungu chake. (Anacheka. Na mimi nacheka, nitafanyaje?)

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa komptable, mwandika hesabu, wa Baba Ramazani, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, aliyeuza mahindi na chumvi katika depo kubwa aliyoikodi kwa Mama Kabange, mjane niliyesali naye kanisa moja. Pesa siku zile ilibadilika thamani kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, kwa hiyo Baba Ramazani alilipa kodi ya mwaka mzima mbele, kwa magunia ya chumvi. Mwaka ulipofika katikati, treni ikaleta ndugu za Mama Kabange waliokimbia mapigano upande wa kaskazini: bibi mmoja mzee, mabinti zake, na watoto wengi wasio na hata mkeka. Mvua zilikuwa zimekaribia. Mama Kabange akaja akasimama mlangoni, macho chini.

"Baba Ramazani, minyi niko na haya. Bantu bangu banalala inje. Unaweza kunirudishia nusu ya depo?"

"Haya ya nini, Mama? Baingie leo."

Hapo mimi nikakohoa. (Mjue nilikuwa na diploma, na diploma ilikuwa bado mpya.) Nikawaeleza kwamba mwenye kukodi akipunguziwa nafasi, hesabu nayo inapunguzwa: nusu ya kodi iliyolipwa haina tena mahali pa kukaa, kwa hiyo ama Mama arudishe chumvi, ama miezi iliyobaki ihesabiwe mara mbili. Chumvi ilishaliwa zamani, basi ikawa miezi, na aliyeng'ang'ania hivyo ni Mama Kabange mwenyewe, maana Baba Ramazani alitaka kusamehe yote. Kisha nikakumbusha rafu za mbao ambazo tajiri wangu alizijenga katika upande ule unaoondoka. Nikasema ziandikwe hasara.

"Hasara ya nini?" akaniuliza. "Batoto balale juu yake."

Na kweli walilala, kila rafu na watoto wake, na sijawahi kuona hasara inayokoroma vizuri namna ile.

Mpaka hapo kazi yangu ilikuwa safi. Shida ilikuwa ukuta wa katikati. Fundi alitaka matofali na muda, mimi kwa akili zangu nikasema matofali ya nini wakati tuna mahindi? Nikachora mstari wa chaki, nikawaamuru wapagazi wapange magunia juu yake kutoka upande hadi upande, marefu kuliko mtu. Sisi tukabaki na mlango wa barabarani, wageni wakapata mlango mdogo wa uani. Nilizunguka ukuta wangu siku nzima nikiupigapiga kwa kiganja. Baba Ramazani aliuliza swali moja tu: "Na siku tukiuza?" Nikamjibu kwamba yale ya ukutani yatauzwa mwisho kabisa.

Mwisho kabisa ukaja haraka. Siku moja mahindi mengine yote yameisha, Baba Ramazani yuko msikitini kwa sala ya mchana, akaingia mke wa ajida, mkubwa mmoja wa askari wa kambi tunayoiita Base, na camion, lori lake, inanguruma nje, na nyuma yake foleni ya watu. Nikamwambia hakuna. Akautazama ukuta.

"Minyi naona magunia, weye unasema hakuna?"

"Banaficha mahindi!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

Miaka ile neno hilo lilitosha kuleta askari na depo ikabaki tupu. Nikaogopa, nikaona heri nishushe magunia ya juu nimuuzie. Ngazi ilikuwa imebaki upande wa wageni, na badala ya kuzunguka uani kuiomba (komptable mzima nikaombe ngazi?), nikaparamia ukuta kwa mikono na magoti, suruali yangu ya kazi ikapasuka nyuma, watu wakaanza kucheka, na mimi kwa hasira ya kuchekwa nikajivuta kwa nguvu mpaka juu, ukuta ukainama taratibu upande wa pili, ukaenda na mimi. Mungu ni mwema, watoto walikuwa uani na wakubwa walikuwa wanakula mbali kidogo. Magunia yakaishia hapo, mimi nikaendelea kubingirika, nikafika kwenye chakula.

Yule bibi mzee akanitazama nilivyokaa katika samaki wake, akasema kwa upole, "Karibu, Monsieur. Lakini mulango iko kule."

Kicheko kilichofuata nadhani walikisikia mpaka mji wa Bukama. Kikakatika ghafla, maana Baba Ramazani alikuwa amesimama mlangoni. Mama Kabange, aliyekuwa akila na ndugu zake, akaanza kufunga vifurushi vyao bila kuambiwa, na mimi nikajua nimewatoa wale watu nje kwa upuuzi wangu, na mvua ile tayari imeanza kupiga mabati. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba Ramazani akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kuzoa mahindi yaliyomwagika kwa mikono yake, akayatia katika sufuria tupu, akampa bibi. "Mupike hii." Kisha akanigeukia. "Uzia huyu mama wa camion magunia yake. Na yenye kubaki, ukuta usirudishe pale. Weka hapa." Akaonyesha kwa mguu, hatua chache tu kutoka mlango wa barabarani. "Bantu banakula karibu na magunia, iko nafasi kidogo kwabo. Minyi nauza hata mu kona."

"Baba," nikasema, "basi tupunguze hesabu mara ya pili."

"Punguza. Lakini kwanza jifunge kitambaa."

Bibi akanirushia kitenge chake. Hivyo ndivyo nilivyofanya hesabu ya pili, nimejifunga kitenge cha maua, foleni yote inatazama, Mama Kabange anasema, "Apana, ongezea Baba miezi," Baba Ramazani anasema, "Apana, iache," kila mmoja akivutia upande wa mwenzake, na diploma yangu haikuwa na somo hilo. Niliwapenda wote wawili siku ile, nawaambia ukweli, na niliona haya kuliko haya ya suruali.

Miezi yote ya mvua Baba Ramazani aliuza akiwa amekaa kwenye kile kipande cha mlangoni, mgongo umelowa, mpaka wale watu walipopata nyumba yao. Mimi nimeapa: ukuta wa kitu kinachouzwa sijengi tena, na nikiitwa kupima nyumba, metre, ule utepe wa kupimia, inabaki mfukoni mpaka niambiwe nani analala ndani.