Kuku ya Protais Yenye Haikujua Kutembea

Minye niliacha masomo mwaka ya tatu, lakini kwa kujua muntu, hakuna mwalimu wa Kasenga ananishinda. Rafiki yangu Protais nilikuwa namujua kwa pua. Angali mbali barabarani, nasema: "Protais anakuja." Bantu banashangaa kama vile niko nabii. Nabii gani! Ilikuwa harufu ya mavi ya kuku tu.

Hiyo ilikuwa mwaka 1956. Protais alikuwa anatumika kwa muzungu moja mu bonde ya Ruzizi. Huyo muzungu alitaka kujua kuku zinataga muzuri mu nyumba ya namna gani, akajenga mbili. Ya kwanza, masanduku ya nyuzi za chuma, moja juu ya ingine, kila kuku peke yake, haiwezi hata kufungua bawa. Ya pili, chumba kikubwa, kuku zote chini pamoja juu ya maganda ya mupunga. Kazi ya Protais ilikuwa kuchota mavi mu zote mbili.

Siku moja tuko tunakunywa, nikamuuliza: "Nyumba gani iko muzuri kupita?"

"Niache, nakunywa."

"Sema tu, mwanaume."

Akatema mate. "Ya chuma, yai inateremuka yenyewe, safi, kama inatoka kanisani. Lakini chini yake mavi inafika hapa," akaonyesha goti, "na inatembea, kwa sababu ya mafunza. Ya maganda, mvua ikivuja, inakuwa uji, macho inatoka machozi. Na kuku moja ikijifunza kula yai, zote zinakula. Zikimaliza yai, zinadonoana matako."

"Na za kwa mama yako? Zinalala jikoni, muchana zinajitafutia."

"Zinataga mu majani, kipanga anabeba watoto. Na weye unajua zinakula nini nyuma ya nyumba."

Nilijua. Nilikuwa natafuna karanga, nikaacha.

Sasa, Protais alikuwa anataka kuoa Consolate, binti ya muzee Hatungimana, mulimaji wa pamba kule bonde. Mambo yote ilikuwa imeisha, ilibakia moja. Mu ile familia, mukwe analeta kuku, anaiweka ku mwingilio wa lupango, uwanja wa nyumba, na kuku inatembea yenyewe mpaka ku mulango ya jiko. Pale mama mukwe anaipokea na mikono mbili. Kuku ikifika, binti anatoka. Kuibeba, apana.

Mama yake Protais akasema: "Mwanangu, beba hii yangu nyekundu. Ni mwenye kutembea."

Lakini muzungu alikuwa amemupa Protais kuku moja ya mu masanduku, yenye iliacha kutaga. Nyeupe, kubwa kama bata! Na minye, mwenye akili, musemaji wa upande wetu, nikasema: "Beba nyeupe. Bakwe batashangaa."

Bakashangaa kweli.

Protais akaiweka chini. Ikakaa kama mama mu soko.

"Inasali kwanza, baba," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Protais akaisukuma kidogo. Ikaanguka ubavu, tukaona tumbo: haina manyoya, nyekundu kama jipu, mavi imekauka ku matako, na kucha ndefu, zimejipinda kama ndoana. Mama Bernardine, mama ya Consolate, akafunika pua na kitenge.

"Yezu! Nani amenyonyoa kuku ingali muzima?"

Muzee Hatungimana akainama. "Mukwe, hii kuku haijakanyagaka udongo?"

"Apana, baba. Iliishi juu ya chuma."

"Tangu lini?"

"Tangu ilikuwa kadogo."

Muzee akainuka. Kisha: "Na binti yangu, utamuweka mu nyumba ya namna gani?"

Protais akainamia kuku, akaiokota.

"Rudi nayo," muzee akasema. "Siku kuku itafika ku ule mulango na miguu yake, Consolate atatoka. Sitaki ingine. Hii hii."

Miezi mbili, bandugu! Tulikata zile kucha na kisu. Tuliiosha matako na maji ya moto. Minye ndiye nilikuwa naishika, na ile shati yangu nilizika. Kuku iliogopa udongo. Ilikuwa inapanda juu ya gurudumu ya baisikeli yenye ililala chini, inashika zile nyuzi za chuma, inasinzia. Kuku nyekundu ya mama ikaidonoa mpaka ikajifunza kukimbia. Kisha ikaanza kuchakura. Manyoya ikaanza kuota ku tumbo.

Tukarudi. Protais akaiweka chini, jasho inamutoka. Ikapiga hatua moja. Mbili. Ikafika katikati ya lupango, ikasimama, ikageuza shingo. Pale ku kona, mujukuu wa muzee alikuwa amejisaidia, ingali moto.

Kuku ikaenda pale. Ikakula. Na hamu!

Mama Bernardine akaguna. Protais akafunga macho.

Kuku ikapanguza mudomo mu udongo, kushoto, kuume, ikanyoosha njia mpaka ku mulango ya jiko, ikasimama mbele ya Mama Bernardine.

Muzee akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hii ni kuku! Mama, ipokee."

"Na ule mudomo?"

"Mikono mbili."

Mama Bernardine akaangalia ule mudomo. Akaangalia Consolate, mwenye alikuwa nyuma ya mulango, analia. Akageuza uso, akanyoosha mikono mbili, akapokea. Consolate akatoka.

Ku karamu hakuna muntu aliomba kuku. Na Protais mpaka leo, ukimupa yai, anauliza mama ya ile yai alilala wapi. Ukisema chuma, anatema. Maganda, anatema. Ukisema nyuma ya nyumba, anaondoka.