Ng'ombe wa Mjomba na Hisa za Arthur

Okurut hakuwa amewahi kufika Dabani, kijijini kwa Nangila, msichana aliyetaka kumwoa. Alitoka Mulanda akimvuta mtamba kwa kamba, akipita njia za panya, maana barabarani askari walizuia mifugo yote. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ilikuwa imefunga masoko ya huko, naye, dalali wa ng'ombe, alibaki bila kazi. Angengoja, lakini alisikia kwamba Arthur wa Busia anamtembelea Nangila kila Jumapili. Wivu haujui karantini.

Akamfunga mtamba penye maji, akaingia uani kwa mzee Maloba, baba yake Nangila. Arthur alikuwa keshakalia kiti kizuri kando ya mzee na binti yake, simu mkononi.

"Karibu, bwana masoko," alisema Arthur. "Bado yamefungwa?"

"Na wewe bado unachunga simu?"

"Simu inanona, ndugu yangu! Nina hisa za kampuni ya kuku, Nairobi. Nyama ya ng'ombe ikikosekana, watu wanakula kuku, hisa zinapanda. Ng'ombe wako wakiugua, mimi nacheka."

Nangila akacheka pia. Kicheko hicho kilimchoma Okurut kuliko jua la njiani.

"Hisa ni nzuri," alisema mzee Maloba, "ila mahari yetu ina ng'ombe wa mjomba. Mjomba wa huyu binti ataifunga hisa kwa kamba gani?"

Arthur akaishusha simu. Okurut alikusudia kumtaja mtamba polepole, kwa adabu, lakini raha ilimzidi.

"Ng'ombe wa mjomba yupo, mzee. Nimemfunga pale majini."

Mzee alisimama ghafla. "Wanapokunywa ng'ombe wangu? Umetoka naye Mulanda?"

Wakashuka wote. Mtamba alisimama ameinua mguu mmoja, ute ukimchuruzika mdomoni. Okurut alikuwa ameuona ute huo tangu asubuhi, akajiambia ni uchovu.

"Nangila, zuia ng'ombe wasishuke! Arthur, mpigie daktari wa mifugo. Nawe Okurut, mwache huyo hapo hapo, uende zako."

"Mzee, nilitaka tu..."

"Ningekungoja, Okurut," alisema Nangila. "Nani alikuharakisha?"

Okurut alinawa miguu kwa maji ya sabuni aliyowekewa, akashika njia. Labda kesho Dabani nayo ingefungwa, na hisa za kuku zingepanda tena. Mara hii yeye ndiye angezipandisha. Nyuma yake Arthur alikuwa akimwelekeza daktari njia, kwa sauti ya mwenye nyumba.