Kisanduku cha Kusikilizia cha Mama

Siku tuliyomzika mume wangu, kisanduku alichomtengenezea mama yake kilinyamaza. Mama mkwe wangu masikio yake yamechoka kwa uzee. Bila kile kisanduku anaona midomo ya watu tu. Kwa hiyo mwanawe alisomewa dua uwanjani kwetu, chini ya turubai, naye amekaa ndani karibu na dirisha, na hakusikia hata neno moja. Jioni alinishika mkono akasema, "Wamemwombea mwanangu, mimi nimekaa kama gogo."

Alisema kwa sauti kubwa, maana hajui tena sauti yake inafika wapi. Wanawake wote waliokuwa chumbani walimsikia.

Mimi ni mzaliwa wa Lisekese, Masasi. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaolewa huku juu, Makote, upande wa Newala. Mume wangu alikuwa mkulima wa korosho kama wenzake wote. Vifaa vya umeme vilikuwa starehe yake. Wengine wakitoka shambani hucheza bao, yeye alikaa na redio zilizokufa, akazifungua, akatoa vipande, akaunganisha vitu vyake. Vingi havikufanya kazi. Alitengeneza taa ya kuwaka yenyewe giza likiingia, ikawa inawaka mchana. Tulicheka wote, na yeye pia.

Lakini kisanduku cha mama kilifanya kazi. Alikitengeneza ndani ya kikopo cha plastiki cha kuwekea sabuni. Kulikuwa na kinasa sauti kidogo kama punje ya choroko, betri, na waya wa kwenda masikioni. Katikati kulikuwa na kipande cheusi chenye miguu kama mdudu. Mafundi wanakiita aisii. Hicho ndicho kilichoikuza sauti. Siku ya kwanza mama alipokivaa alimgeukia binti yake, yaani wifi yangu, akamwambia, "Kumbe unapokula unapiga midomo hivyo? Na mumeo amevumilia miaka yote?"

Mume wangu aliniambia kwamba aisii za namna ile ni dhaifu kuliko zinavyoonekana. Ukitembea juu ya kitu cha plastiki, au ukivua nguo ya nailoni wakati hewa ni kavu, mwili wako unabeba umeme uliotulia. Huusikii. Lakini ukikigusa kile kipande, umeme unaruka kwenye mguu wake na kukiua ndani, na kwa nje hakibadiliki chochote. Ndiyo maana alikataa kusakafia chumba chake cha kazi. Alitaka sakafu ya udongo, akae peku. Alivaa shati la pamba lililokwisha rangi. Alijifunga waya kwenye kifundo cha mkono, ukapita kwenye kirezista, kipande kidogo cha kuubana umeme kwa usalama, ukatoka dirishani mpaka kwenye nondo aliyoichimbia ardhini, ili umeme wa mwili wake ushukie huko. Miezi ya kipupwe udongo ukikauka, aliimwagia nondo ile maji tuliyooshea vyombo.

Huku kwetu maji yanasumbua, na mama mkwe alikuwa anamwona. "Unamwagilia chuma?" alimuuliza. "Kikizaa korosho uniite niokote."

"Kikizaa utaokota wewe peke yako," alimjibu mwanawe, akipaza sauti kuelekea kwenye kisanduku, ingawa hakukuwa na haja ya kupaza.

Mume wangu aliugua muda mfupi, akafa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo juu ya ugonjwa wake.

Kwa desturi yetu, nyumba ya msiba hutolewa viti na meza ili watu wakae chini. Chumba cha kazi ndicho kilichokuwa na nafasi, kwa hiyo wanaume wa ukoo walikitoa kila kitu. Meza ikaenda uani. Vifaa vyake vikatiwa kwenye kiroba. Ule waya wa dirishani mtu aliukanyaga akajikwaa, akaukata. Juu ya udongo walitandika mikeka. Zamani ingekuwa ya ukindu. Siku hizi karibu yote ni ya plastiki, ya rangi za kung'aa, na ndiyo waliyotuazima majirani. Ilikuwa baridi, upepo mkavu umepiga siku nyingi, na kila mwanamke alikuja na blanketi lake la manyoya ya nailoni. Mkijifunua mlisikia yanatatarika. Mfiwa haachwi bila kufunikwa, huo ndio upendo wa watu wetu, kwa hiyo mama alifunikwa na huyu, akafunuliwa akafunikwa na yule, na kisanduku kipo kifuani mwake. Kabla ya mazishi kikanyamaza.

Sina hakika kwamba ni hayo mablanketi. Huenda aliyekuwa anamkumbatia alikibana. Nasema ninalolidhani tu.

Nilikaa eda katika chumba hichohicho. Wifi alibaki nami, maana mjane haachwi peke yake. Tulipokaribia arobaini, mama mkwe alikuja akakaa pembeni yangu, akatoa kisanduku ndani ya khanga akakiweka mapajani mwangu.

"Wewe ulikuwa unamtazama akifanya," alisema. "Arobaini nataka nisikie wakimtaja. Mara moja tu. Baada ya hapo kikifa na kife."

Nilimwonyesha kwa mkono kwamba nitajaribu. Sikumwonyesha kwamba nitaweza.

Nilibadilisha betri. Nilichomeka waya wa masikioni kwenye redio, ukatoa sauti, kwa hiyo waya ni mzima. Ikabaki aisii. Namshukuru mume wangu kwa jambo moja: hakuilehemu. Aliiweka kwenye soketi, ili ikifa mtu aing'oe na kuchomeka nyingine bila moto. Na nyingine ilikuwepo, moja, ndani ya kopo la maziwa, amezungushia karatasi ya fedha inayotoka kwenye paketi za sigara. Yeye hakuvuta. Karatasi zile, za kuikinga na umeme ule, aliomba kwa wavutaji.

Nilingoja asubuhi yenye ukungu, kwa sababu yeye pia alingoja ukungu. Hewa ikiwa na unyevu umeme ule haukai sana mwilini. Nilikunja mkeka wa plastiki nikausukuma ukutani, nikakaa peku juu ya udongo, nimevaa khanga ya pamba peke yake. Niliunga ule waya uliokatwa, nikamwomba wifi aende nje aimwagie nondo maji. Alikwenda akinung'unika. Aliporudi alinikuta nimejifunga.

"Wifi, umejifunga kama mbuzi wa kuuzwa," alisema.

"Mbuzi hajifungi mwenyewe."

"Kaka yangu alikuwa anakufunga hivi?"

"Alijifunga yeye. Mimi nilikuwa nje napika, namtazama dirishani."

Tulicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha tukaona aibu tukaacha.

Niling'oa aisii ya zamani taratibu. Nikafungua ile karatasi ya fedha. Nikaishika mpya kwa mbavu zake, si kwa miguu, kama yeye alivyoishika. Nilikuwa nimejikunyata, baridi ilikuwa kali na ile khanga nyepesi. Wifi aliniona. Alikuwa amejifunika blanketi lake tangu alfajiri, amekaa juu ya ule mkeka nilioukunja. Alinyanyuka, akalivua mabegani mwake, likatatarika, akanifunika kwa nyuma kama alivyokuwa akinifunika kila siku. Pindo lake likashuka mbele na kupita juu ya vidole vyangu. Nilisikia kitu kimenidunga, kidogo sana, kama siafu.

Nilijua umeme umeruka, lakini niliendelea. Nikaichomeka kwenye soketi, nikaminya mpaka ikakaa, nikawasha, nikavaa waya masikioni. Nikakuna kile kinasa sauti kwa ukucha.

Hakukuwa na kitu. Wala ule mvumo wa chini unaosikika kabla ya sauti.

Waya wa mkononi ulikuwa unautoa umeme wa mwili wangu mimi. Wa mwenzangu haukuweza kuuzuia. Nadhani mume wangu alijua hilo, ndiyo maana hakuruhusu mtu kukaa karibu alipokuwa na kazi hizo. Sisi tulidhani ana majivuno.

"Vipi?" wifi aliuliza.

"Hakisemi."

Alinitazama, akalitazama blanketi, akaniuliza, "Ni mimi?"

Ningeweza kusema siyo. Nilimwambia, "Huenda ni wewe. Huenda kilikuwa kimekufa tangu dukani. Sijui." Ndiyo kweli niliyokuwa nayo. Alilichukua blanketi lake akatoka nalo nje, na nilimsikia akilia nyuma ya jiko.

Nilimpigia simu fundi wa Masasi ambaye mume wangu alichukua vitu kwake. Alinipa pole kwanza, hakuwa na habari za msiba. Kisha akasema aisii ile hana tena, mpaka iagizwe Dar es Salaam, na hawezi kuahidi ni lini. Nilijiandaa kumwambia kwamba arobaini ni Ijumaa. Nikaona yeye angefanya nini na Ijumaa yangu, nikamshukuru nikakata.

Asubuhi ya arobaini wifi alinivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Tumvalishe tu," alisema. "Ni mzee. Akiwa nacho masikioni atadhani anasikia kidogo. Mwambie kimepona, wifi, nakuomba. Kwa ajili yangu."

"Atajua."

"Atajuaje mtu asiyesikia?"

"Anajua kusikia kulikuwaje."

Alikasirika. Alisema mimi nina moyo mgumu, na kwamba kaka yake asingefanya hivyo. Labda kweli asingefanya. Yeye alikuwa na huruma kuliko mimi. Lakini yeye alikufa, na mama alikuwa ameniomba mimi.

Mama mkwe alikuwa amekwishavaa. Khanga mpya, kichwa amekifunga vizuri, amekaa dirishani mahali palepale pa siku ya mazishi. Aliponiona alinyoosha mkono kupokea kisanduku. Niliinama nikakipiga kiganja chake kidogo, nikatikisa kichwa. Hakuelewa. Nikakiweka mkononi mwake kikiwa kimezimwa, nikatikisa kichwa tena.

Alikigeuza mkononi. Wifi alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa khanga.

"Kimekataa?" mama aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kabisa?"

Nikaitikia.

Alikizungushia waya wake vizuri, akakirudisha ndani ya khanga. Nilidhani ataniambia niondoke. Akasogea, akapapasa mkeka pembeni yake. "Basi kaa hapa," alisema. "Uniambie wewe."

Nje wanaume walikuwa wameanza kisomo. Mimi Kiarabu sijui, nilijifunza sura fupi za kusalia tu. Niliweka mdomo karibu kabisa na sikio lake, mpaka nikahisi joto la kilemba chake, na kwa namna hiyo, ukisema polepole na kwa nguvu, kuna maneno yanayopita na mengine hayapiti. Wanawake walitusikia wote, sikuwa na la kufanya.

"Wanasoma, mama."

"Wamemtaja?"

"Bado."

Tukangoja. Alikuwa ameshika kidole changu kimoja, akikiminya kila nilipopumzika, kana kwamba nimesinzia.

"Bado?"

"Bado, mama. Wanawataja wazee kwanza."

"Wamtaje baba yake pia."

"Wamemtaja baba yake."

Kisha sauti ya shehe ikapanda, na nikasikia jina la mume wangu. Nikalisikiliza mpaka mwisho, nikasahau kumwambia. Nje watu waliitikia amina, na ndani wanawake wakaitikia amina, kisha shehe akaendelea mbele kwa marehemu wengine. Mama alikiminya kidole.

"Wamemtaja," nilimwambia sikioni. "Sasa hivi. Kwa jina lake lote."

"Amina," akasema mama mkwe wangu, kwa ile sauti yake kubwa, peke yake, baada ya watu wote kumaliza. Shehe alisita kidogo pale nje. Halafu akaendelea.