Ndege ni Yako

Mdomo wangu hauna breki, na hili nitalisema mpaka meno yaning'oke. Nimekuwa mhudumu wa ndege miaka kumi na tisa, na kumi na miwili kati ya hiyo nimeruka na rubani mkuu tuliyemwita Macho. Lilikuwa jina la utani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akisinzia kazini. Hata kwenye basi la wafanyakazi, wakati sisi tumelala midomo wazi, yeye alikuwa amekodoa macho huku anatafuna kipande cha tangawizi. Mkewe alikuwa akinilalamikia, "Wifi, mnanirudishia gunia, si mume. Akivua kiatu kimoja tu, kashaanza kukoroma."

Macho alikuwa na neno moja ambalo hakulifanyia mzaha. Rubani akimwachia mwenzake ndege, anasema, "Ndege ni yako," na mwenzake anajibu, "Ndege ni yangu." Akitaka kuichukua, anasema, "Ndege ni yangu," naye anajibiwa, "Ndege ni yako." Asipojibiwa, hajakabidhi kitu. Hivyo ndivyo alivyomfundisha rubani msaidizi wetu, tuliyemwita Mwanagenzi, mtu mzima mwenye mke na watoto. Miaka saba wameruka pamoja. Mwanagenzi alikolea mpaka ukimpa sahani ya chakula anakujibu, "Sahani ni yangu." Tulikuwa tunacheka!

Siku yenyewe ilikuwa ya tatu mfululizo ya kuamka kabla ya jogoo. Watu wa ratiba walikuwa wametupanga bila huruma, na sasa ilikuwa saa nane mchana, tuko kwenye safari ya nne. Nikapeleka chai mbele. Nikiwa bado nimeshika trei, Macho akasema, "Mwanangu, leo usingizi umenishinda. Nafumba macho dakika ishirini. Ndege ni yako."

"Ndege ni yangu, mzee," Mwanagenzi akajibu.

Hilo linaruhusiwa kwetu. Mmoja anapumzika, mwenzake anabaki macho, nami nawapigia simu kila baada ya dakika ishirini kuhakikisha hawajalala wote.

Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikabonyeza namba za mlango, nikaingia. Wote wawili wamelala. Mwanagenzi kidevu kimegusa kifua, chai yake haijaguswa, na kwenye redio mwongoza ndege anatuita, anatuita. Niliwatingisha mabega kwa mikono miwili mpaka wakashtuka. Nyuma yangu abiria mia moja na sita walikuwa wanasoma magazeti.

Tulitua salama. Kwenye basi Macho akasema, "Tunaandika fomu ya uchovu, sote watatu. Bosi wetu, mkuu wa marubani, alisema mwenyewe kwamba anayeripoti uchovu haguswi." Tukaandika. Niliamini hata mimi, na mimi si mtu wa kuamini ovyo.

Wiki mbili baadaye tukaitwa mbele ya mkuu wa marubani. Macho alikuwa ameshasimamishwa. Ikionekana alilala bila kukabidhi ndege, kazi inakwenda na leseni inakwenda, na mtu huyu tangu ujana hajui kazi nyingine. Kinasa sauti hakikuwa na msaada, maana ndege iliruka tena siku ile ile na maneno yetu yakafutwa na sauti mpya. Juu ya meza ya mkuu ilikuwapo fomu ya Macho peke yake, ile ile tuliyoambiwa ni ya kutulinda, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Umekiri kwa mkono wako kwamba ulilala," mkuu akasema.

Nikadakia, "Alikabidhi! Nilikuwepo, nilisikia!"

"Dada, wewe ni wa chai na mikanda."

"Ndiyo, wa chai. Na masikio ninayo."

Akanipuuza, akamgeukia Mwanagenzi. Mwezi uliofuata Mwanagenzi alikuwa anavishwa mstari wa nne begani, awe rubani mkuu, na kila mtu chumbani alilijua hilo. Mkuu akamuuliza, "Alikukabidhi ndege?"

"Hapana. Nilimwona tu amelala. Nikabaki nahangaika peke yangu."

Kwa macho makavu! Alimruka kimanga mtu aliyemfundisha mpaka kushika usukani. Nikasema kwa sauti, "Asante ya punda ni mateke," nikaambiwa ninyamaze au nitoke. Nikanyamaza, lakini hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Macho hakugomba. Alimtazama Mwanagenzi, na kwa mara ya kwanza niliyaona macho yale yamechoka. Kisha akaichomoa beji yake ya mabawa shatini, akaiweka juu ya fomu.

"Haya," akasema. "Ndege ni yangu."

Maneno yakamponyoka Mwanagenzi, kwa mazoea ya miaka saba:

"Ndege ni yako, mzee."

Chumba kizima kilisikia, na harudishi ndege ila aliyekabidhiwa. Mwanagenzi akaziba mdomo kwa kiganja. Katibu aliyekuwa akiandika kila neno alimtazama mkuu, mkuu akatikisa kichwa kukataa, na katibu akaiweka kalamu chini bila kuliandika hilo.