Lusiana na Maji Moto wa Mandawa

Lusiana wa Malolo aliingia chuoni na ufagio. Chuo chenyewe ni cha kilimo, kiko nje kidogo ya mji wa Nachingwea, na kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kufagia maabara, kufuta meza na kumwaga takataka. Shule aliishia darasa la saba. Ila macho yake hayakuwa na kawaida ya kutulia.

Basi siku moja wanafunzi walileta viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mkorosho yakawa nyumba. Wakavitia vyote ndoo moja. Kulipokucha, ndoo imejaa maiti. Wanafunzi wakasema ni joto. Lusiana akainama, akachungulia.

"Hawa mmewatoa mashamba mbalimbali," akasema taratibu. "Si ndugu. Wameuana."

Mwalimu wao, Daktari Eva, binti mwembamba asiyependa maneno mengi, hakucheka. Alimvutia kiti. Tangu hapo Lusiana akawa mhesabu wadudu, na ufagio akapewa mwingine.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mdudu watu humwita mbu wa mikorosho. Ananyonya machipukizi mpaka yanakauka meusi, na korosho hazipatikani. Wakulima humpulizia dawa. Daktari Eva alitaka kujua kama mkorosho wenye maji moto unaweza kujilinda bila dawa. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili mtu apite mti kwa mti, ahesabu machipukizi mazima na yaliyonyonywa, aandike. Wanafunzi walichoka haraka, wengine wakawa wanakisia. Lusiana hakukisia hata siku moja.

"Mama Happy," Daktari Eva alimwambia Lusiana mwaka juzi, "shamba la Mandawa ni lako. Chagua miti mwenyewe."

Alichagua miti ishirini na minne kwa Mzee Adinani, mwenye shamba hilo. Kumi na miwili ina maji moto, kumi na miwili haina. Msimu wa kwanza ukaenda vizuri, na wa pili ukaelekea kwisha. Ndipo mkuu wa chuo akasema atakwenda mwenyewe Alhamisi kuitazama kazi hiyo, aamue kama iendelee mwaka wa tatu au ifungwe. Lusiana hakulala vizuri wiki ile. Hajawahi kuwa na kitu chuoni kinachoitwa chake.

Jumatano akatangulia. Alipanda gari mpaka Ruangwa, kisha pikipiki mpaka Mandawa, akafika na vumbi mpaka kwenye kope.

Shamba lilikuwa limefagiwa likang'aa. Mzee Adinani alikuwa amesimama katikati, ameshika ufito mrefu wenye mwenge wa nyasi uliokwisha kuungua.

"Karibu, mama. Umeona? Hapa hang'atwi mgeni kesho."

Lusiana akainua macho. Majani yamebabuka, na viota vinaning'inia kama mifuko ya majivu.

Kule kwao mtu mwenye adabu hamruhusu mgeni kupita chini ya mikorosho kabla ya kuwafukuza maji moto kwa moto. Miaka miwili mzee aliwavumilia, hata vibarua walipomnung'unikia. Lakini mkuu wa chuo? Asingeweza kumpitisha chini yao.

"Mzee," Lusiana akasema, "wageni wanakuja kuwaona hao hao."

"Mtu atoke Nachingwea kuja kutazama sisimizi?"

Mkewe, Bi Moza, akadakia kutoka jikoni. "Nilimwambia huyu baba Shakila, watu wa chuo hawana akili kama zetu, waulize kwanza. Yeye na mwenge wake, kama anakwenda kurina asali."

Mzee akakaa chini. "Nitakuletea wengine kwa shemeji yangu. Wamejaa kule."

"Si ndugu wa hawa, wataishia kuuana. Na hawa wa miti hii yote kumi na miwili ni kundi moja, lenye malkia mmoja tu. Akiwa hai, watajenga tena. Akiwa ameungua, tumekwisha."

"Sasa utamjuaje?"

"Tuwatazame wanakokwenda. Watamfuata alipo."

Wakakaa wote watatu, Bi Moza amekuja na mihogo yake. Maji moto waliobaki walikuwa wakipanda na kushuka kama watu waliopotelewa. Baadaye wakaanza kushika njia moja, watoto weupe mdomoni, tawi hadi tawi, mti hadi mti, mpaka mkorosho mrefu wa pembeni. Juu kabisa kulikuwa na kiota kikubwa, kibichi.

"Pale mwenge haukufika," mzee akasema. "Bega hili halinyanyuki, tangu nilipoanguka na baiskeli."

"Hilo bega liombee lisipone," mkewe akamwambia.

Kesho yake Lusiana hakuficha kitu. Alimweleza mkuu wa chuo viota vingapi vimeungua, kwa sababu gani, na kipi kimebaki.

Mkuu akamgeukia mzee. "Wakulima wote huku hufanya hivi?"

"Wenye adabu wote," Mzee Adinani akajibu.

Mkuu akakitazama kile kiota. "Basi hata tukiwashauri wafuge maji moto, siku ya mgeni watawachoma. Mama, kundi likichomwa hurudi baada ya siku ngapi?"

"Sijui," Lusiana akasema. "Hakuna aliyehesabu."

"Hesabu wewe. Mwaka wa tatu upo."

Wiki mbili baadaye alirudi na daftari lake. Mzee alimwekea ngazi, akaishikilia bila kuambiwa. Kwenye mti wa nne maji moto walikuwa wamejipanga ukingoni mwa majani mawili mabichi, wanayavuta yakutane. Lusiana akaandika: siku ya kumi na tano, viota vipya, viwili na nusu.

"Na nusu?" mzee akauliza kutoka chini.

"Hawajamaliza kushona," akamjibu, akahamia tawi la pili.