Tano kwa Mwalimu Ausi, Tisa kwa Mwalimu Fidelis

Mpera ukikatwa mbichi una harufu yake, tamu kidogo na chungu kidogo, na mimi mpaka leo nikiisikia viganja vinaniwasha. Shuleni kwetu, kijijini jirani na Somanga, tulitumwa wenyewe kukata fimbo za kuchapiwa. Ukileta nyembamba unarudishwa, ukileta kavu unaonjeshwa wewe kwanza. Tulizikata kwenye mpera wa bibi nyuma ya jiko, naye akitwanga kwa hasira na kuwatukana walimu mmoja mmoja, maana mti ulikuwa wake na viganja vilikuwa vya wajukuu zake.

Wajukuu wenyewe ni mimi na Somoe, mtoto wa baba mkubwa. Somoe alikuwa na akili ya hesabu mpaka ananiudhi. Baba yake alimleta kutoka Mingoyo asome, lakini kwa shingo upande: alisema siku akisikia fujo yoyote ya shule atakuja kumchukua akaokote korosho, habari ya masomo iishe hapo. Kwa hiyo Somoe alipokea kila fimbo kimya. Akirudi nyumbani anatia viganja kwenye maji ya mtungi, ananikazia macho nisiseme.

Darasa la nne tulifundishwa na Mwalimu Ausi, mzee wa kukohoa na kufoka. Alituimbisha MAGAZIJUTO mpaka sauti zikakauka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Siku moja akaandika ubaoni 10 − 3 + 2. Somoe akajibu tisa. "JU iko mbele ya TO, mshenzi wewe!" Kwake unajumlisha kwanza tatu na mbili, unapata tano, ndipo uitoe kwenye kumi, jibu tano. Alimchapa mpaka fimbo ikachanika. Somoe akajifunza tano.

Darasa la tano akaja Mwalimu Fidelis, kijana aliyetoka chuo juzijuzi, shati limenyooka, mkono mwepesi kuliko wa mzee. Akaandika hesabu ileile. Somoe akasimama, akasema tano. Kwa Fidelis kujumlisha na kutoa ni sawa kwa sawa, hakuna mkubwa wala mdogo, unaanzia kushoto: kumi toa tatu ni saba, ongeza mbili ni tisa. Leo najua yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na sijamsamehe. Alimpiga mgongoni, miguuni, popote alipogeukia. "Nani kakufundisha ujinga huu?" Kwa mara ya kwanza Somoe akafungua mdomo. "Mwalimu Ausi. Na alinichapa kwa hiyo hiyo tisa."

Ausi alikuwa akifundisha chumba cha jirani, kasikia yote. Aliingia na fimbo mkononi, toba! "Mtoto wa juzi unaniita mjinga?" Shati la Fidelis likapasuka, mzee akatoka damu puani, madawati yakapinduka, sisi tukawa mayowe tu. Walipoishiwa pumzi Ausi akamtupia Somoe chaki. "Andika! Jibu ngapi?" Fidelis naye, "Andika!" Somoe akaenda ubaoni, akainua chaki, akageuka. "Kubalianeni nyie kwanza, walimu wangu." Fimbo zote mbili zilishuka pamoja kwenye mkono ule wenye chaki. Sijui ya nani ilivunja kidole. Mlio wake niliusikia.

Bibi alikuja na mchi begani, hakumsalimu mtu. Aliupiga ubao mpaka ukapasuka katikati, akamtandika Fidelis bega, na Ausi na uzee wake wote akaruka dirishani. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini fujo ile ilifika Mingoyo upesi, baba mkubwa akaja kumchukua mwanawe. Somoe alilia mpaka basi likaondoka, na hakuwa analilia kidole.

Sasa naishi Kilwa Masoko. Shule ya mwanangu Hamisi ina madirisha ya vioo, walimu wana simu kubwa, na nilikuwa nikijisifu kwamba mambo yale yamekwisha. Juzi Somoe alikuja kututembelea, Hamisi akamwamkia shikamoo mama mkubwa, akamwonyesha kazi ya nyumbani: 20 − 8 + 5. Mwalimu wa darasani anataka kumi na saba, wa tuisheni anataka saba, na wote wanachapa. Somoe akachukua penseli, kile kidole kisichokunjika kimesimama pembeni, akaizungushia mabano ile ishirini toa nane. "Haya baba, sasa hakuna wa kukupiga."

Jana Hamisi alirudi viganja vimevimba. Kachapwa kwa kubadilisha swali la mwalimu. Somoe alivishika vile viganja, akavitia kwenye beseni la maji, kisha akasimama akaanza kufunga kanga kiunoni. Mimi nikaingia jikoni. Mchi wa bibi ninao.